Soma Kwanza Seva Inasema Nini

Anayeanza kujifunza kuendesha seva hukwama mapema, na akiomba msaada mara nyingi hupewa amri ya mstari mmoja: inakili, ibandike, tatizo litakwisha. Anayeitoa huwa na nia njema. Hata hivyo nashikilia kwamba katika mifumo ya jamii ya Unix, Linux ikiwamo, msaada wa namna hiyo humdhuru mwanafunzi kuliko kumfaa, kwa sababu unamrukisha jambo lile lile alilohitaji kujifunza, yaani kusoma maneno ambayo mashine yenyewe imekwisha kumwandikia.

Chukua mkasa unaowapata wengi. Mtu amekodi seva ndogo yenye Ubuntu, mojawapo ya mifumo ya Linux, ameweka nginx, programu inayowapelekea wasomaji kurasa za tovuti, kisha kurasa zenyewe amezihifadhi katika folda yake ya nyumbani, tuseme /home/asha/tovuti. Anafungua kivinjari na kukuta namba 403: umekatazwa. Akiuliza, jibu linalomfikia upesi ni "chmod 777", amri ya kubadili ruhusa. Tarakimu hizo zina maana yake. Kila faili katika Unix lina ruhusa za aina tatu: za mwenyewe, za kikundi chake na za watu wengine wote. Kusoma ni 4, kuandika ni 2, kutekeleza ni 1, na jumla yake ni 7. Basi 777 inampa kila mtumiaji na kila programu iliyomo katika seva ile haki ya kulisoma, kulibadili na kuliendesha faili hilo. Programu moja tu ikivamiwa, mvamizi hana tena cha kuvunja ili aandike upya tovuti nzima.

Na bado ukurasa haufunguki. Katika Ubuntu, nginx hufanya kazi yake kwa jina la mtumiaji www-data, na ili alifikie faili ni lazima aruhusiwe kupita katika kila folda iliyo njiani, kuanzia ya juu kabisa. Kwa folda, ile 1 ndiyo ruhusa ya kupita. Tangu toleo la 21.04, lililotoka mwaka 2021, Ubuntu huifunga folda ya nyumbani ya mtumiaji mpya kwa 750, kwa hiyo asiye mwenyewe wala wa kikundi chake hapiti. Kizuizi kiko /home/asha, ilhali amri imelegeza folda ya ndani. Mwanafunzi aliyechoka huongeza -R, ili amri iguse kila kilichomo ndani, na kuielekeza kwenye folda yake yote ya nyumbani. Ukurasa unafunguka. Lakini kesho yake akitaka kuingia kwenye seva kwa ufunguo wa SSH, programu ya kuingilia seva kutoka mbali, anakataliwa, kwa maana SSH, isipobadilishwa mipangilio yake, haiamini orodha ya funguo iliyo katika folda ambayo kila mtu anaweza kuiandika. Na kama alikwisha kuzuia kuingia kwa nywila, ushauri mzuri unaotolewa kwa usalama, amejifungia nje ya mashine ambayo huenda iko nchi nyingine.

Yote hayo yangeepukika kwa kusoma mstari mmoja. Faili la /var/log/nginx/error.log lilikwisha kutaja njia kamili ya ukurasa uliotafutwa na sababu ya kuukosa: "Permission denied", ruhusa imekataliwa. Lau msaidizi angemwelekeza huko, kisha akamwonyesha amri ya "namei -l", inayoorodhesha ruhusa za kila folda moja baada ya nyingine, mwanafunzi angejionea mwenyewe ni wapi njia imefungwa. Dawa ni kuhamishia kurasa /var/www, mahali pa kawaida pa kazi hiyo. Zaidi ya dawa, angebaki na ujuzi wa ruhusa, ambao utamfaa atakapoweka hifadhidata au kuandika programu inayohifadhi picha za wateja. Katika kuandika programu kwenyewe hali ni hiyo hiyo: Python inapokwama hutaja faili, namba ya mstari na aina ya kosa, na lililo muhimu kuliko yote kwa kawaida liko chini kabisa, ambapo mgeni hafiki kwa kuwa mistari ya juu imekwisha kumtisha.

Kuna watakaosema hii ni ile kauli kavu ya wakongwe, "kasome mwongozo". Wana haki ya kuilalamikia. Mwongozo wa kwanza wa Unix, wa Novemba 1971, Ken Thompson na Dennis Ritchie waliuandika huko Bell Labs, Marekani, kwa ajili ya wenzao wa kazini, na mpangilio wake wa jina, matumizi, maelezo na kasoro unaonekana hadi leo ukiandika "man" na jina la amri. Unamfaa anayejua anachotafuta. Kumtupia mgeni kurasa hizo na kuondoka ni kumfukuza. Ninachotetea ni kusoma pamoja naye mstari wa kosa, neno kwa neno, mpaka aone unaelekeza wapi.

Hoja nzito zaidi ni ya lugha, kwani mistari hiyo ni ya Kiingereza. Juhudi zimekuwapo: mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa mwaka 2004 Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Ilikuwa kazi ya kujivunia. Ila kwa makosa ya seva, naona afadhali maneno ya asili yabaki yalivyo, kwa sababu ndiyo unayoyatumia kutafuta msaada duniani kote, na chini yake yawekwe maelezo ya Kiswahili fasaha. Maelezo hayo ni machache mno, na wanaoweza kuyaandika wapo.

Wengine watauliza haya yote ni ya nini wakati akili mnemba inajibu kwa sekunde. Inajibu, naam, lakini haioni seva yako mpaka uionyeshe. Ukiiandikia tu kwamba tovuti haifunguki, itakurudishia makisio, na 777 yaweza kuwa mojawapo. Ukiipa mstari wa kosa, toleo la mfumo lililoandikwa katika /etc/os-release na amri uliyotangulia kuitumia, hapo ina cha kushika. Kabla ya kubandika faili la mipangilio, pitia kwanza uondoe nywila na funguo za siri, maana huwa zimo.