Kamina: Swichi inawaka taa lakini intaneti haifiki? Angalia haya mbele ya kununua ingine

Kwa mkaaji wa Kamina anayetaka intaneti nyumbani, hesabu si rahisi. Malipo ya mwezi yanahesabiwa kwa dola, na familia moja haiyawezi kila mara. Ndiyo maana kuna majirani wanaochanga feza: ruta inawekwa katika lupango moja, kisha waya zinavutwa hadi kwenye swichi, kile kisanduku kidogo chenye matundu matano au nane, ili kila nyumba ipate sehemu yake. Tangu Mei 2025, ARPTC ilipoipa Starlink ruhusa ya kufanya kazi nchini baada ya kuikataza mwaka 2024, wazo hilo la kuchanga limezidi kuvutia.

Ugomvi unaanza siku nyumba moja inapokosa intaneti. Aliyekosa anasema amekatwa. Mwenye ruta anaapa kwamba hakugusa kitu. Fundi anaitwa, anatazama dakika mbili, anasema swichi imekufa. Basi feza inachangwa tena, kifaa kipya kinaagizwa Lubumbashi, kinafika, kinawekwa, na shida inabaki pale pale.

Mara nyingi swichi haina kosa. Yenyewe haigawi intaneti, inapitisha tu kile inachopewa. Anayegawa ni ruta: inampa kila mtu namba yake, yaani anwani, kama vile kila lupango lina namba kwenye avenue. Kwa hiyo fungua mipangilio ya mtandao kwenye kompyuta, usome anwani hiyo. Ikianza na 192.168, kwa kawaida ruta imejibu, na tatizo liko mbele zaidi: labda antena, labda malipo ya mwezi yamekwisha. Ikianza na 169.254, maana yake kompyuta iliita, hakuna aliyeijibu, ikajipa namba yenyewe. Namba hiyo haikupeleki nje. Hapo utafute kati ya kompyuta na ruta.

Kosa linalosumbua wengi ni kuchomeka swichi moja kwa moja kwenye modemu isiyokuwa na ruta. Kampuni kwa kawaida inatoa anwani moja tu kwa mteja. Kifaa cha kwanza kuwashwa kinaichukua, vingine vinabaki na njaa. Ndiyo sababu televisheni inafanya kazi asubuhi, na jioni ni zamu ya kompyuta, watu wakadhani ni uchawi. Mpangilio ni huu: modemu, kisha ruta, kisha swichi. Starlink iliyowekwa katika hali ya kuruka ruta yake inaleta shida ile ile.

Wengine wanachukua ruta ya zamani waifanye swichi. Inawezekana, na inaokoa makuta. Lakini isipozimwa ile kazi inayoitwa DHCP katika mipangilio yake, itaendelea kugawa anwani zake, na machifu wawili katika kijiji kimoja hawapatani. Tumia pia yale matundu ya kawaida, si lile la pekee lililoandikwa WAN.

Nyumba zote zikisimama kwa mara moja na taa zote za swichi zikapepesa kwa haraka bila kupumzika, tafuta waya ambao ncha zake mbili zimeingia katika swichi ile ile. Mtoto anayependa kupanga vitu anaweza kufanya hivyo bila ubaya. Utoe, mtandao utarudi.

Kama tundu lako halina taa kabisa, badilisha waya mbele ya kubadilisha kingine chochote. Ndani yake mna nyuzi nane. Mwendo wa megabiti 100 unatumia nne tu, gigabiti inataka zote nane, hivyo uzi mmoja uliokatika unaweza kumsumbua jirani mmoja na kumwacha mwingine. Tena usizidishe mita 100. Kutoka lupango hadi lupango la nyuma, ukizunguka ukuta, umbali huo unafika upesi.

Chaja nayo isomwe. Swichi ya volti 5 ikipewa chaja ya volti 12 kwa sababu tu kichwa chake kimeingia, hiyo ndiyo inakufa kweli.

Kisha kuna radi. Kuanzia Oktoba hadi Aprili, waya wa shaba unaopita juu kati ya nyumba mbili unaweza kuleta mshtuko wa umeme hadi ndani. Uchomoe waya ncha zote mbili mawingu yakiwa bado mbali. Wakati radi inapiga, usiguse. Wenye uwezo waweke waya wa kioo kati ya nyumba, kwa kuwa kioo hakipitishi umeme. Na swichi iliyopigwa na radi usiitupe upesi: pengine matundu mawili tu ndiyo yameungua. Jaribu moja moja kwa waya unaojua ni mzima, yaliyokufa uyatie alama ya kalamu.