Fahamu: Mazoezi, sonona na uchovu wa kazi Geita

Mkazi wa Kalangalala, mjini Geita, atokaye zamu ya usiku mgodini mwili umemlegea na moyo umemdhiki, huambiwa akimbie ili apone. Nasaha hiyo ina nusu ya haki. Mazoezi hupunguza sonona, na Shirika la Afya Duniani mwaka 2020 lilihimiza dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa juma. Lakini uchovu sugu wa kazi, ambao mwaka 2019 shirika hilo liliueleza kuwa hali itokanayo na ajira wala si maradhi, huzaliwa na dhiki ya kazini isiyotatuliwa. Basi waajiri waiheshimu sheria ya ajira ya mwaka 2004: saa 45 za kawaida kwa juma, na likizo ya siku 28 kwa mwaka.