Taa Iliyozimika

Wengi wetu hudhani kwamba mtoto amekwisha kujua kusoma siku ile anapoweza kutamka maneno yote ya ukurasa bila kukwama. Mimi pia nilidhani hivyo, mpaka siku ya barua ya Kolwezi.

Mama mmoja mjane, jirani yetu, alikuwa na mwana aliyefanya kazi katika machimbo ya huko. Barua yake ilipofika, mama alimwita mwanafunzi wangu mmoja, mvulana wa darasa la tano, amsomee. Mtoto alisoma kwa sauti safi, akipumzika penye mkato na kusimama penye nukta, kama nilivyomfundisha. Katikati palikuwa na maneno haya: «Mama, taa ya nyumba yangu imezimika. Watoto wanalia usiku, nami sina la kuwaambia.» Mama akauliza, «Anataka nini, mwanangu?» Naye akajibu, «Mama, anataka mafuta ya taa.» Mama akauza kuku wawili, akatuma fedha. Baada ya majuma matatu msafiri mmoja akamletea habari: mke wa mwanawe alikuwa amefariki, na matanga yamekwisha.

Yule mtoto hakukosa hata silabi moja. Kosa lilikuwa langu: nilimfundisha kutamka, sikumfundisha kuuliza. Angalijiuliza kwa nini watoto walie kwa sababu ya taa, na kwa nini mtu mzima akose la kuwaambia, sentensi ya pili ingalimfumbulia ile ya kwanza. Neno gumu hufumbuliwa na majirani zake.

Mwana yule alitumia istiari. Angaliandika «mke wangu alikuwa kama taa», hiyo ingalikuwa tashbihi, nayo ni rahisi kuitambua, kwa maana neno «kama» au «mithili ya» husimama katikati na kutuonya. Istiari haina mlinzi huyo. Hulitwaa jina la kitu kimoja na kukivika kingine. Tena wazee wetu huipenda hasa katika habari za msiba, kwa kuwa si adabu kumtupia mzazi neno «kifo» usoni. Tashihisi ni ndugu yao: hapo kitu kisicho na uhai hutenda kama mtu, njaa ikibisha mlangoni au mto ukikataa kuvukwa.

Hata vitabu vizima huweza kuandikwa kwa njia hiyo. Shaaban Robert (1909–1962) alitoa «Kusadikika» mwaka wa 1951, habari za nchi inayoelea angani. Msomaji wa herufi tu ataitafuta nchi hiyo katika ramani. Mwenye kusoma kweli atatazama mandhari, yaani mahali na wakati wa hadithi, na wahusika, yaani wanaotenda na kutendewa. Kisha atauliza dhamira ni nini, na kwa nini mambo ya mahakama ya angani yanafanana sana na ya duniani.

Mashairi nayo yana maneno yake, ambayo watoto huyakariri bila kuyasikia. Basi wahesabu kwa vidole. Nimetunga mishororo hii miwili kwa ajili ya darasa langu (mnisamehe, mimi si mshairi):

Mwana asoma kitabu, mama yake asikia,
Baba naye ajaribu, herufi kufuatia.

Kila mshororo una mizani 16, yaani silabi, nane kila upande. Kina cha kati ni «bu», cha mwisho ni «a». Ubeti wa shairi la kawaida huwa na mishororo minne ya namna hiyo.

Mama yule angali akimpelekea barua zake mvulana yule yule. Sasa mtoto huisoma kwanza kimya, tangu juu hata chini, mama akingoja. Ndipo husoma kwa sauti.