Simu kuu ikizima siku ya oda, nani anashika zamu?

Wauzaji wenzangu wa mtandaoni, leo tuongelee jambo ambalo wengi tunaliahirisha mpaka litutie hasara.

Mimi nauza vitunguu vya Mang'ola. Oda napokea WhatsApp, bei na majina ya wateja naandika Google Sheets. Siku moja napeleka mzigo kwenye loji za Ngorongoro, tumetoka Karatu, tumeshapita geti la Loduare, simu ikazima jumla. Orodha ipo salama Google, lakini mimi pale msituni sijui gunia lipi la nani. Nikarudi na magunia manne.

Mafundi wa kompyuta tofauti hii wanaijua siku nyingi: kuwa na nakala ni kitu kimoja, kuwa na mbadala wa kushika kazi papo hapo ni kingine. Waandishi wa programu hutunza kazi yao kwenye hifadhi inayokumbuka kila badiliko, nani kabadilisha nini na lini. Wengi hutumia Git. Seva ya hifadhi hiyo ikifa timu inakwama kupeana kazi, ndiyo maana huwekwa seva ya pili inayopokea kila badiliko, ya kwanza ikianguka yenyewe inaendelea.

Hata wao yanawakuta. Tarehe 31 Januari 2017, fundi wa GitLab alikuwa anarekebisha seva ya pili iliyoacha kupokea data. Alitaka kufuta data za seva ya pili, akafuta za seva kuu, kama gigabaiti 300. Njia za bakapu walikuwa nazo kadhaa. Kuja kuzikagua, hazifanyi kazi. Kilichowaokoa ni nakala aliyoichukua fundi kwa mkono saa 6 kabla, kwa shughuli nyingine kabisa!

Turudi kwetu. WhatsApp inakuruhusu kuunganisha hadi vifaa vinne kwenye akaunti yako, na vinaendelea kufanya kazi hata simu kuu ikiwa imezima. Ila usiiache simu kuu zaidi ya siku 14 bila kuitumia, vitatolewa. Simu ya pili iwe na laini ya mtandao mwingine. Na orodha yako iwezeshe kufunguka bila intaneti, maana tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, kubadili laini peke yake hakukutosha.

Kumbuka pia, simu ya pili inabeba na makosa. Msaidizi akifuta bei kwenye Sheets, zinafutika kote. Hapo kinachokuokoa ni historia ya matoleo: unafungua, unarudisha orodha ya jana.

Pagumu zaidi, kwa maoni yangu, ni simu kuu ikishawaka. Wewe unajibu huku, msaidizi anajibu kule, gunia moja linauzwa mara mbili. Sisi tumekubaliana hivi: orodha ni moja tu, na aliyerudi hajibu mteja kabla hajasoma yote yaliyojibiwa.

Halafu jaribu. Jumapili zima simu kuu saa mbili nzima, mwachie msaidizi kazi. Mimi mara ya kwanza niligundua simu ya pili haina bando.