Kabla Hujavuka Ruvuma na Droni Yako, Soma Hapa Kwanza

Leo tuiache salfa kidogo tuongee habari ya droni, au ndege nyuki kama wengine wanavyoiita.

Juzi jioni kijana mmoja wa Msimbati, mkulima wa korosho na ufuta, alinipigia simu. "Shikamoo bwana shamba. Mjomba wangu yuko ng'ambo ya mto, upande wa Msumbiji. Ana ekari kumi za mikorosho, anataka nimpigie picha toka juu tuone mapengo. Droni ninayo, kibali ninacho. Si nivuke nayo tu?"

Nikamwambia hapana, iache nyumbani. Akashangaa: "Mbona kibali ninacho?"

Hapo ndipo wengi tunapokosea. Na mimi nilishakosea kabla yake.

Yaliyonipata mimi

Miaka michache nyuma nilikwenda safari ya mafunzo nchi moja ya jirani. Droni yangu ndogo niliitia kwenye begi la mgongoni, na karatasi zangu zote za Tanzania nikaziweka kwenye bahasha. Nilijiona nimejipanga. Kufika uwanja wa ndege, begi likapita kwenye mashine, nikaitwa pembeni. Afisa akazisoma karatasi zangu taratibu, moja moja, kisha akanirudishia. Akasema, "Hizi ni za kwenu. Za kwetu ziko wapi?"

Sikuwa nazo. Hakunitukana wala hakuniomba kitu. Aliandika stakabadhi, akaifungia droni stoo, akaniambia nitaichukua wakati wa kuondoka. Ndege yangu ya kurudi ilikuwa Jumapili alfajiri, na ofisi ya stoo ilikuwa imefungwa. Nikapanda ndege mikono mitupu. Pesa ile ingeninunulia salfa ya msimu mzima.

Kosa lilikuwa langu. Niliuliza bei ya tiketi, nikauliza hoteli, ila sheria ya droni sikuuliza.

Kibali hakivuki mpaka

Watu wanadhani mpaka uko ardhini tu, pale penye geti na mhuri. Ukweli ni kwamba mpaka unapanda hadi angani. Mkataba wa Usafiri wa Anga wa Kimataifa uliosainiwa Chicago mwaka 1944 unasema wazi katika kifungu cha 8: chombo kisicho na rubani hakiruki juu ya nchi nyingine bila idhini maalumu ya nchi hiyo. Mwaka 1944 hakuna aliyewaza droni ya kuangalia mikorosho, lakini kanuni hiyo mpaka leo ndiyo msingi.

Kila nchi imejitungia sheria zake juu ya msingi huo. Kwetu Tanzania, droni ni suala la Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA) pamoja na Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa. Ukienda Misri, kuingiza au kurusha droni bila kibali cha Wizara ya Ulinzi ni kosa kisheria. Marekani nako, droni ya kujifurahisha yenye uzito chini ya gramu 250 haihitaji kusajiliwa. Sasa kijana anaangalia video ya Mmarekani, anasikia "chini ya gramu 250 huna shida", anaibeba hesabu hiyo kuja nayo Afrika Mashariki. Hesabu hiyo ni ya kule, usiitumie huku.

Halafu sheria zenyewe zinabadilika. Kenya ilitunga kanuni za droni mwaka 2017, Bunge likazifuta mwaka 2018, nyingine zikatoka mwaka 2020. Kwa hiyo rafiki akikwambia "mimi nilipita nayo mwaka ule, poa tu", muulize mwaka gani.

Huku kwetu ni moto zaidi

Angalia tunapoishi. Ghuba ya Mnazi kuna visima vya gesi, gesi iligunduliwa mwaka 1982. Madimba kuna mitambo ya kusafishia gesi inayokwenda Dar es Salaam. Bahari na mikoko yetu iko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Kila sehemu hapo ina mwenyewe wa kumuuliza, hata ukiwa na kibali cha jumla.

Ng'ambo ndiyo usiseme. Vita vya Cabo Delgado vilianza Oktoba 2017. Oktoba 2020 kijiji chetu cha Kitaya kilivamiwa, na Machi 2021 ikawa zamu ya mji wa Palma. Watu wa huku wanakumbuka, wengine walipokea ndugu zao usiku. Sasa jiweke kwenye nafasi ya askari wa upande wowote. Anaona kitu kinaunguruma juu yake, kina kamera, hajui nani kakituma. Hawezi kujua kwamba wewe unahesabu mikorosho ya mjomba. Ukikamatwa hapo hutaulizwa kuhusu kilimo kwanza, na maelezo yako yatatakiwa kwa Kireno.

Kuvuka bila kukusudia

Hili ni la wenye mashamba karibu na mto, hata wasiokuwa na safari.

Kwanza upepo. Kaskazi, kuanzia kama Desemba hadi Machi, unatoka kaskazini mashariki, maana yake unaisukuma droni kuelekea Msumbiji. Kwenda inakimbia, kurudi inapigana na upepo na betri inaisha haraka. Anza kurusha kwa kuelekea upepo unakotoka, ili wakati wa kurudi upepo ukusaidie. Na ukifika nusu ya betri, geuza.

Pili kona za mto. Ruvuma haujanyooka. Kile kitufe cha "rudi nyumbani" kinaileta droni kwa mstari ulionyooka. Ukiwa umeifuatisha mto kuzunguka kona, mstari huo unaweza kukatiza juu ya ardhi ya jirani. Programu ya kwenye simu haitakuzuia, na ikikuruhusu kuruka haina maana kwamba sheria imekuruhusu.

Maswali manne kabla ya safari

Ukitaka kwenda nje na droni, uliza haya, kwa mpangilio huu:

1. Je, naruhusiwa kuiingiza? Hili linaamuliwa forodhani, kabla hujaiwasha.
2. Je, mgeni anaruhusiwa kuimiliki na kuirusha, au ni raia, wakaazi na kampuni za pale tu?
3. Je, naruhusiwa kuirushia wapi na juu kiasi gani? Nchi nyingi zinaweka mwisho wa futi 400, kama mita 120, ila usikariri.
4. Je, picha za shamba ni kazi au ni starehe? Kwa mkulima wa biashara jibu mara nyingi ni kazi, na kibali cha kazi ni kingine.

Majibu yachukue kwa mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi husika, kwa maandishi, na uyachapishe. Betri za akiba ziende kwenye mzigo wa mkononi, zisiingie tumboni mwa ndege. Na unapotoka, onyesha forodha yetu namba ya droni na risiti ya kununulia, isije ukirudi ikaonekana unaingiza bidhaa mpya.

Ukikosa jibu hata moja, iache nyumbani. Kule uendako tafuta mrusha droni mwenye vibali vya pale umlipe siku moja. Ni rahisi kuliko kununua droni ya pili.

Na yule kijana je?

Nilimuuliza: mikorosho ya mjomba imepandwa mita ngapi? Akasema 12 kwa 12. Nikamwambia basi ekari moja ni kama miti 28, ekari kumi ni kama 280. Hiyo ni asubuhi moja ya kutembea na daftari.

Alivuka kivuko cha Kilambo akiwa na daftari na kalamu. Alihesabu mapengo 40 na ushee. Akakuta pia miti sita ina matundu ya wadudu kwenye shina, chini kabisa, mahali ambapo droni isingeona hata ingeruka siku nzima.

Droni nzuri, jamani, sisemi mziache. Ila ijue mipaka yake, na mipaka ya nchi. Tuonane shambani.