Nzige waliouacha mwarobaini

Mwaka 1959 nzige walivamia Sudan wakala karibu kila kijani kilichokuwapo. Mtaalamu wa wadudu kutoka Ujerumani, Heinrich Schmutterer, aliwaona wakitua juu ya miarobaini, kisha wakaruka bila kula.

Sababu ilianza kujulikana 1968, pale wanakemia Butterworth na Morgan, huko Uingereza, walipotenga azadiraktini kutoka kwenye mbegu za mti huo. Molekuli yake ina kaboni 35, hidrojeni 44 na oksijeni 16, zikiwa zimefungamana kwa namna ya kuchosha: maabara ya Steven Ley, Cambridge, ilihangaika nayo miaka 22 hadi ikaiunda mwaka 2007. Mti wa uani huitengeneza kila msimu, bila ruzuku.

Kiwavi akiila, hamu ya chakula humtoka. Akinusurika, homoni zake huvurugika, muda wa kujivua ngozi unafika naye hawezi, akafia humo humo. Binadamu hajivui ngozi, kwa hiyo silaha hiyo haimlengi.

Lakini mbegu haina azadiraktini peke yake. Malaysia, mwanzoni mwa miaka ya 1980, madaktari waliripoti watoto wachanga walionyweshwa mafuta ya mbegu hizi wakapata degedege na madhara ya ini, wengine walikufa. Bibi anayemwogesha mjukuu kwa maji ya majani hafanyi jambo lile lile na anayemnywesha mafuta, ingawa mti ni mmoja.

Na malaria je? Nimbolidi, iliyomo kwenye majani, imeua vimelea vyake katika vyombo vya maabara. Hata jiki ingeviua humo. Swali ni kiasi gani kinafika kwenye damu, na kikombe cha majani yaliyochemshwa hakina kipimo. Mwenye homa akapime, na vikionekana vimelea ameze dawa ya mseto.

Kwangu mimi, mahali pa mwarobaini ni shambani. Menya mbegu zilizokauka, twanga viini gramu 500, loweka usiku kucha katika lita 10 za maji, chuja, tia sabuni kidogo ili dawa ishike majani. Nyunyiza jioni, maana jua huivunja azadiraktini upesi, na urudie baada ya siku chache. Kesho yake utawakuta viwavi bado hai, na jirani atakucheka. Usiwahesabu wao, angalia kama matundu kwenye majani yanaongezeka.