Zawadi ya Muuguzi, Nani Anailipa?



Siku mnapokwenda dispansere, angalieni meza ya muuguzi, ao infirmiye kama tulivyozoea kumwita. Pengine mtaona kalamu yenye jina la dawa, kalenda yenye picha ya mtoto mnene, ao mfuko mzuri wenye alama ya maziwa ya unga. Mara nyingi vitu vya namna hii havikununuliwa na muuguzi. Vililetwa na mtu aliyekuja kutangaza biashara yake. Zawadi hizo zinatafuta nini? Na kwa nini zinawahusu ninyi ambao hamkupokea kitu?

Mfanyabiashara hatoi bure

Muuzaji anajua kwamba mama hatamwamini mgeni anayesifu mali yake. Lakini muuguzi aliyemzalisha, huyo anamwamini. Kwa sababu hiyo muuzaji anapeleka zawadi kwa mtu ambaye mnunuzi anamsikiliza. Na feza ya kalamu ile inarudi katika bei ya dawa ao ya maziwa. Mwisho, ni mgonjwa anayelipa.

Fikirini fundi anayepima kamba ya kaji inayowashusha watu mgodini. Kama muuzaji wa kamba anamletea saa ya mkono kila mwaka, je, mtaingia katika kaji ile kwa moyo mtulivu? Fundi anaweza kuwa mtu mwema. Lakini shauri lake linapaswa kutoka kwenye kamba yenyewe, si kwenye saa.

Mambo ya maziwa ya unga

Katika miaka ya 1960 na 1970, kampani za maziwa ya unga zilituma wanawake kwenye nyumba za uzazi katika inchi nyingi za Afrika na Asia. Walivaa nguo nyeupe kama wauguzi, na wengine walikuwa wauguzi kweli, lakini mshahara wao ulitoka kwa kampani ya maziwa. Waligawa mikebe ya bure. Mama alirudi nyumbani akiamini kwamba hospitali ndiyo iliyomshauri.

Sikieni namna mkebe ule wa bure unavyoleta hasara. Maziwa ya mama yanakuja kwa kadiri mtoto anavyonyonya. Mtoto akipewa biberoni, ananyonya kidogo, na maziwa ya mama yanapunguka. Mkebe wa bure unaisha. Sasa baba anapaswa kununua mwingine, na mwingine tena, kwa mshahara uleule. Ili mkebe udumu, mama anatia unga kidogo na maji mengi. Tumbo la mtoto linajaa, lakini mwili wake haupati chakula. Na kama maji hayakuchemshwa, ao biberoni haikusafishwa vizuri, kuhara kunaingia. Watoto wengi walikufa kwa njia hiyo. Mwaka 1974 kitabu kidogo kilichotolewa London, kwa jina la The Baby Killer, kilifanya watu wengi wa Ulaya wajue habari hizo.

Katika mwezi wa tano 1981, mkutano mkuu wa Shirika la Afya Duniani kule Geneva ulikubali kanuni juu ya biashara ya maziwa hayo. Inchi 118 zilikubali. Marekani peke yake ilikataa, na inchi tatu hazikuchagua upande. Kanuni inasema wazi: kampani zisitoe feza wala vitu kwa watumishi wa afya ao kwa jamaa zao ili kuvuta watu kwenye maziwa hayo, na watumishi wasipokee. Tena, watumishi wasiwagawie mama mikebe ya kujaribu.

“Mimi zawadi hainigeuzi”

Wengi watajibu hivyo, na wanasema kwa moyo safi. Lakini mwaka 1992 wachunguzi wa Marekani walitoa habari za waganga 20 walioalikwa na kampani za dawa kwenye safari za kujifunza, mahali pazuri pa mapumziko, bila kulipa kitu. Waganga 19 walisema safari haitabadilisha namna yao ya kuandika dawa. Baada ya safari, matumizi ya dawa moja katika hospitali yao yalipita mara tatu ya yale ya zamani. Ya dawa ya pili yalipita mara mbili. Basi zawadi inaweza kumgeuza mtu bila yeye kujua.

Na kuku wa shukrani?

Mama aliyepona akileta kuku ao unga wa mahindi, hatafuti kuuza kitu. Hiyo ni heshima ya kwetu. Lakini hata hapo kuna mpaka: zawadi ije baada ya matunzo, si mbele, itolewe mbele ya watu, isiwe feza, na mgonjwa asiye na kitu atunzwe sawasawa na mwenye kuku.

Tufanye nini?

Wewe muuguzi, ukiletewa zawadi, jiulize: je, ningeweza kumwambia mgonjwa ni nani aliyenipa, na kwa nini? Kama unaona haya, irudishe. Usiweke ukutani picha za kampani. Kama unataka habari za dawa, ongea na munganga mkubwa.

Wewe mama, mpe mtoto maziwa yako tu mpaka miezi sita, bila maji wala uji. Kisha uendelee kumnyonyesha pamoja na chakula mpaka miaka miwili ao zaidi. Kuna watoto wanaohitaji maziwa ya unga kweli, kama yule aliyefiwa na mama. Huyo munganga atampimia, na jamaa watafundishwa namna ya kuyatengeneza.

Wewe baba, ukitumwa kununua dawa ya jina fulani, uliza bila hofu: je, kuna nyingine ya kazi ileile, yenye bei ndogo? Muuguzi mwema hatakasirika.

Kumbukeni: kalamu ya bure inaandika, lakini wino wake unalipwa na mgonjwa.